Bi Mkubwa Hachukuliwi kwa Ndoo

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wafuga Samaki wa Vioo,
Hapo ulipo na samaki zako.

YAH: KUKATAA KUCHUKULIWA JUMAMOSI

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mtu usiyemjua lakini uliyekwisha kumkubali. Mimi ni mama wa fundi friji, yule mwanachama wako mrefu anayeinama hata kwenye mlango mkubwa. Mtaa mzima huu wananiita Bi Mkubwa. Aliyeanza ni yeye mwenyewe mwanangu. Siku alipoota ndevu aliona haya kuniita mama mbele ya wenzake, akabuni hilo la Bi Mkubwa, wateja wake wakalidaka, na sasa hata muuza mkaa akipita analiita kwa sauti kama vile tulikua pamoja. Nakueleza hili mapema ili usije ukasema barua imekosea nyumba.

Shule sikusoma. Aliyeshika kalamu ni jirani yangu, mshona mapazia. Anaandika vizuri, ila ana tabia ya kutaka kunilainishia maneno. Nimemwambia alainishe mapazia, barua aiache kama inavyotoka. Kwa hiyo ukikuta neno kali, ni langu. Ukikuta "tafadhali", ni lake.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi jioni nilikuwa chumbani kwangu nachambua mchele. Mwanangu alikuwa sebuleni kwenye kigoda chake, mbele ya kioo cha samaki, anaongea na wewe kwenye simu. Sikuwa nimetega sikio. Ukuta wetu ni mwembamba, na mtu anayeshinda kutwa katikati ya mashine za friji zinazonguruma hajui tena kunong'ona. Akinong'ona yeye, nyumba ya tatu wanaitikia. Nikamsikia anasema: "Ndiyo, Mwenyekiti. Bi Mkubwa nimeshaamua. Njoo Jumamosi umchukue."

Ungo ukaniponyoka. Hapo ndipo nilipotega sikio, sikatai.

Ndugu Mwenyekiti, mimi sijawahi kukuona. Sijui kwako ni wapi, sijui kama una mke, sijui choo chenu kiko ndani au nje. Na wewe, bila hata kuja kunitazama, ukakubali! Nilisikia mwanangu anasema "ahsante sana, umenisaidia mno." Watu wakichukua kochi kuukuu huja kwanza kulikalia.

Maneno yote aliyokuambia nimeyashika, maana mimi sina daftari, vitu vyangu naviweka kichwani na havijawahi kulowa. Nayajibu moja moja kwa heshima, na mwisho nitatoa ombi.

1. Alisema: "Ni mzima, hana ugonjwa wowote, uzee tu. Hazai tena." Ni kweli sizai. Nilizaa wanne, huyo msemaji wako akiwa wa mwisho na mwenye kichwa kikubwa kuliko wote, na baada ya kichwa kile nilifunga duka. Baba yao Mungu alimchukua. Sasa mlitaka nizae na nani, na muuza mkaa? (Jirani anasema tumtoe muuza mkaa. Abaki.)

2. Alisema: "Shida yake ugomvi. Anawafukuza wadogo mpaka hawali kwa raha." Wajukuu wangu nawafukuza, naam. Nawafukuza kutoka kwenye kopo la sukari, nawafukuza kutoka kwenye waya za baba yao, nawafukuza kwenda kuoga. Mama yao anaondoka asubuhi kwenda kazini, baba yao anaondoka na mtungi wake wa gesi, nani mwingine atawafukuza? Na kuhusu kula kwa raha, ungewaona mashavu yao usingesema.

3. Alisema: "Chakula anachagua. Kikavu anakitia mdomoni anakitema, anataka laini tu." Meno yangu yapo, Ndugu Mwenyekiti. Hayakutani, hilo tu. La juu liko kulia na la chini liko kushoto, na mtu akinipa mkate wa jana nifanye nini nao, niuimbie? Huyu mwanangu mimi nilimtafunia. Nilimtafunia mpaka anatembea, maana alikuwa mvivu wa kutafuna. Leo anakwenda kuutangaza mdomo wangu kwa wenyeviti.

4. Alisema: "Mwanga mkali hauwezi, macho yake unayajua mwenyewe." Wewe macho yangu umeyajulia wapi? Lakini nikiri kwamba hapo sauti yake ililainika kidogo, nami nikafuta machozi kwa upindo wa kanga, halafu nikakasirika zaidi. Mtu anayekuonea huruma huku anakufungia mzigo ni wa kuogopwa.

5. Alisema: "Njoo na ndoo kubwa yenye mfuniko, maana huwa anaruka."

Hili nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekaa nalo msalani, sijaliweza. Nimeruka wapi? Goti langu la kulia likikunjwa linalia kama mlango wa stoo. Mara ya mwisho kuruka ilikuwa mende alipoingia ndani ya blauzi yangu jikoni, na hata hapo nilipanda stuli moja tu. Na hiyo ndoo ni ya nini? Nilidhani kwanza ni ya kubebea vyombo vyangu. Lakini alisema "anaruka", yaani mwenye kutiwa ndani ni mimi. Jirani amepima kiuno changu kwa utepe wake wa kushonea na akapima na ndoo kubwa ya nyumbani kwake. Haiwezekani. Labda unayo pipa.

6. Alisema: "Siku ya kwanza usimpe chakula kabisa."

Jirani, liandike hili kwa herufi kubwa. USIMPE CHAKULA KABISA. Ndugu Mwenyekiti, mgeni! Mgeni mzee, ametolewa kwao, amesafirishwa ndani ya ndoo, kafika kwako goti linamuuma, na wewe na mkeo mmekaa mezani mnakula, yeye anawatazama! Na uliitikia! Nilisikia mwanangu anasema "eeh, ndivyo hivyo, wewe unajua kuliko mimi." Kumbe umeshawahi kuwafanyia wengine? Wako wangapi huko kwako?

8. Alisema: "Tia chumvi kidogo kwenye maji yake, kisha mweke peke yake kwenye giza mpaka azoee." Mimi chumvi nimekatazwa na daktari. Presha yangu ikipanda nasikia masikio yanapiga honi. Na gizani natiwa kwa kosa gani, nimeiba? Hata wafungwa wana dirisha.

(Jirani anasema tumeruka la saba. Hatujaliruka. La saba nimeliweka pembeni, litakuja nikipata pumzi.)

9. Alisema: "Tangi jipya nitaliweka kile chumba cha nyuma, kina joto zuri." Chumba cha nyuma ni changu. Ndiyo, kina joto zuri, kwa sababu ukuta wake unapigwa na jua la mchana na kwa sababu nalala humo mimi, siyo barafu. Kumbe mimi ninatoka ili samaki waingie.

Sasa nageukia hao samaki, maana wewe ndiye mkubwa wao na nataka ujue wanavyoishi humu ndani kwa gharama ya utu wangu.

Ni weupe, macho mekundu, na hata wakizeeka hawazidi kidole changu cha kati. Nimeambiwa ni albino, wameumbwa hivyo. Kwa weupe wao siwasemi hata kidogo, Mungu anapaka rangi anapotaka, na pale asipopaka napo pamekamilika. Na kwa udogo wao siwasemi, mimi mwenyewe natafuta stuli kufikia kabati. Nawasema kwa vyeo vyao.

Siku walipofika, mwanangu alinitambulisha kwao, siyo wao kwangu. Akasema hawa wanaitwa sikilidi. Mimi nikasikia "sikilizi." Nikafurahi, nikasema ala, kumbe siku hizi kuna samaki wa kusikiliza, mwanangu kaona mama yake anashinda peke yake mchana akamtafutia watu wa kuongea nao! Basi mchana wote ule nikavuta kiti nikawasimulia. Niliwaeleza habari ya goti, habari ya marehemu, habari ya mawifi zangu, hata ile ya kabati ambayo sijamwambia mtu. Wakawa wanakuja kwenye kioo wanafungua mdomo na kufumba, nikajua yanawaingia. Niliwasimulia hivyo mpaka siku mkamwana wangu aliponifumania, akaniambia, "Mama, ni sikilidi, siyo sikilizi. Hawasikii kitu." Siri zangu zote zimo mle majini na hakuna wa kunirudishia.

Mambo yao mengine ni haya. Maji yao yanalazwa. Nasema yanalazwa! Yanakingwa bombani, yanawekwa kwenye ndoo, yanaachwa yapumzike usiku kucha ili dawa ya bomba itoke, ndipo samaki wapewe. Mimi ya kwangu nakunywa yakiwa hayajasinzia hata kidogo. Wana kijiti cha umeme kinachowapasha maji, kikizidi kinajizima chenyewe, na mimi blanketi langu likizidi nalitupa mwenyewe chini. Wana pampu ya kuwapulizia hewa. Wanatiliwa majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yanakuwa rangi ya chai, eti yanawatuliza roho. Nikitaka chai ya pili mimi naambiwa, "Bi Mkubwa, na presha hiyo?" Chakula chao ni vijidudu vyekundu vilivyogandishwa, na vinakaa kwenye friji kando ya maziwa yangu, navikuta vinanitazama kila asubuhi.

Chungu changu kidogo cha maua alikichukua bila kuniaga, akakilaza chini ya maji, sasa ni nyumba yao. Jike akitaga humo ndani, basi nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Mlango usipigwe. Redio ipunguzwe. Mjukuu asikimbie. Kwa huyu jirani anayeniandikia mwanangu aliagiza pazia la kioo, ili wapate faragha. Analo jirani kwenye vitabu vyake, pazia dogo la samaki, lenye marinda. Mimi nilizaa wanne nyuma ya shuka lenye tundu.

Na shangazi zangu wangefufuka wakasikia kazi ya mwanangu wangecheka. Kutwa anapoza vitu vya watu. Anabeba mtungi wa gesi, anachomelea mabomba ya friji, anahakikisha nyama za watu zimeganda. Jioni anarudi kupasha samaki maji. Havui hata viatu. Anavuta kigoda, anakaa, anakodoa. Anawahesabu, anaangalia nani kala na nani hakula, nani mkia wake umenyauka, nani kanuna. Mimi nikipita nyuma yake na mkia wangu umenyauka ananiambia, "Bi Mkubwa, unanizibia mwanga."

Zamani kigoda kile alikuwa anakileta kwangu, chumbani. Akirudi kazini anakaa mlangoni, ananiambia leo friji ya fulani ilikuwa na panya ndani, leo fulani kaniita mwizi kisha kanilipa. Namuuliza umekula, ananiuliza umekula. Hatukuwa na la maana. Lakini nilikuwa nalala vizuri.

Basi sasa nalisema la saba.

7. Kabla ya lile la chumvi, ulimuuliza jambo, sikulisikia swali lako. Akajibu: "Nitamkumbuka, kwa kweli. Ila nafasi ndiyo hakuna."

Jirani, liache hivyo hivyo, usilitie neno.

Ndugu Mwenyekiti, nimefikiri sana kama mtu wa haki. Nikasema labda ndiyo sheria yenu ya chama, kwamba kitu kikishazeeka, hakizai, kinachagua chakula na kinafukuza wadogo, lazima kitolewe kwa ndoo. Kama ndiyo sheria, naikubali, lakini ipite kila mahali isinianze mimi. Twende ofisini kwa watu. Wako wakubwa wangapi wamekaa ndani ya chungu miaka na miaka, hawatoi kitu, mwanga mkali hawautaki, wadogo wakisogea wanang'atwa? Mbona hao hawatiliwi mfuniko? Mbona hao siku ya kwanza wanapewa chakula, na ya pili, na mpaka cha kufungiwa nyumbani? Ukipita na ndoo huko, Ndugu Mwenyekiti, utahitaji lori la ndoo. Na wewe mwenyewe, samahani, una umri gani? Umekuwa Mwenyekiti tangu lini? Wadogo katika chama chako wanakula kwa raha?

Kwa hiyo ombi langu ni moja, lenye njia mbili, uchague.

Njia ya kwanza. Uje Jumamosi kama mlivyopatana, na ndoo yako kama ulivyoambiwa, uchukue samaki. Wote. Uchukue na kijiti, na pampu, na majani, na vile vijidudu kando ya maziwa yangu, na pazia lao lenye marinda ambalo jirani bado hajamaliza. Chungu kibaki, ni cha maua. Mimi nibaki chumbani kwangu na joto langu.

Njia ya pili. Kama samaki hawaondoki, basi uniandikishe mimi kuwa samaki. Sifanyi mzaha. Nimeishi nao, nimeona mambo yao, na sioni ninachopungukiwa. Udogo ninao. Mwanga mkali siutaki. Kuongea naweza kuacha, nikijitahidi. Unipe cheti cha chama chenye muhuri, nikibandike mlangoni, mwanangu akisome: huyu ni samaki halali wa chama, ana haki ya maji yaliyolala, ana haki ya majani ya kutuliza roho, ana haki ya pazia, na kila jioni mfugaji akirudi kazini lazima akae mbele yake kwenye kigoda aangalie kama amekula. Hilo la mwisho likiandikwa, hayo mengine naweza kusamehe. Maji nitakunywa hata yakiwa macho.

Na kama utazikataa njia zote mbili ukaja Jumamosi kunitia ndooni, nakuonya kwa upole. (Hilo "kwa upole" ni la jirani.) Mimi sibebeki. Marehemu alijaribu kunibeba siku ya harusi, akaugua mgongo wiki nzima, na enzi hizo nilikuwa mwembamba.

Nakomea hapo kwa kuwa jirani mkono umemchoka na mteja wake wa mapazia amekwisha kupiga hodi mara kadhaa. Nisalimie mkeo kama yupo, na kama hayupo pole. Wasalimie wanachama wote, hata wa samaki wakubwa. Wasalimie wazee wengine uliowachukua, waambie wasikate tamaa, na uwape chakula leo hii. Muuza mkaa anakusalimu, kapita sasa hivi kasikia tunaandika, akasema na yeye aandikwe.

Ni mimi ninayekataa kwa nia njema,

Bi Mkubwa, mama wa fundi friji.
(Hapa ni dole gumba langu. Rangi ni ya chaki ya jirani ya kukatia vitambaa, wino ulikuwa haba.)

Nyongeza, kabla bahasha haijafungwa:

Usije. Yaani njoo, lakini usije kwa lile. Ngoja nilipange, jirani kaa chini, mteja angoje.

Mwanangu amerudi mapema leo, katukuta sebuleni, jirani na karatasi zake na mimi dole la buluu, akauliza tunaandika nini. Nikamwambia jirani, msomee. Asisikie kwa watu, asikie nikiwepo. Jirani akasoma yote, hata muuza mkaa. Katikati ya kusoma mkamwana wangu akaingia kutoka kazini na mkoba begani, akasikiliza kuanzia kwenye chumvi, mara akakaa sakafuni, akacheka mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Nikamwambia cheka, na wewe utazeeka.

Mwanangu hakucheka. Ilipofika la saba alimwomba jirani anyamaze. Akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye kioo, akanikalisha kwenye kigoda chake, akagonga kioo kwa ukucha, akaita: "Bi Mkubwa!"

Nikaitika, "Nipo hapa, kwani umepofuka?"

Akasema, "Siyo wewe, Mama. Huyu."

Ndani ya chungu akatoka jike mzee. Mweupe, tumbo lake lililokuwa jekundu sasa limepauka kama kanga ya kufulia, mapezi yamechakaa pembeni, jicho moja lina ukungu kama langu. Akaja mbio mpaka kwenye kioo, akamfukuza mdogo mmoja aliyekuwa njiani, akasimama, akanitazama kama anayetaka kujua nani kakalia kiti.

Kumbe ndiye! Kumbe yule ndiye hazai, ndiye anatema vikavu, ndiye anayeruka, ndiye usimpe chakula siku ya kwanza tumbo lisije likamsumbua baada ya safari. Nikamuuliza mwanangu, jina langu kampa samaki tangu lini? Akasema tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alipotiwa tu ndani ya kioo alimtoa mume nje ya chungu, akaanza kuhamisha mchanga kwa mdomo na kuupanga upya. "Nikakukumbuka wewe siku tulipohamia hapa, ulivyotutoa sote nje." Anasema hakuwahi kumwita hivyo nikiwepo, aliogopa nitanuna. Nimenuna. Lakini pia nimemtazama yule samaki vizuri, na sioni aliposema uongo.

Na chumba cha nyuma, kumbe alimaanisha stoo, kule kwenye mizoga yake ya friji. Angesema stoo tangu mwanzo, ningekuwa nimemaliza mchele.

Basi Ndugu Mwenyekiti, maombi yangu yote futa. Cheti usiandike. Samaki usichukue, hata mmoja, hata huyo mdogo aliyefukuzwa. Na huyo mzee ndiyo kabisa usimguse. Nimemuuliza mwanangu, akifika huko kwako atamjua nani? Akaangalia viatu vyake. Nikamwambia kama nafasi ndiyo hakuna, nafasi ninayo mimi. Tangi jipya halikai stoo. Linaingia chumbani kwangu, upande wa miguu ya kitanda, na mzee huyu anahamia humo peke yake na chungu changu, apange mchanga wake anavyotaka, asifukuze mtu na asifukuzwe. Jirani akimaliza lile pazia nalo lije huku.

Wewe Jumamosi njoo tu utembee, ule, uende. Ila hiyo chumvi kama ulikwisha kuipima, itie kwenye mboga zako.

Mwanangu anasema itabidi awe anakuja chumbani kila jioni na kigoda, kuangalia kama amekula. Nimemwambia aje. Lakini akifika mlangoni akiita Bi Mkubwa, asishangae tukigeuka wawili.